Ununue programu ya kuhariri picha, au ya bure inatosha? Jibu kwa wanaopiga picha kwa kujifurahisha

Swali hili linatufikia kaunta mara kwa mara, hasa sikukuu zikiisha na watu wakarudi mjini na kamera waliyoletewa na ndugu kutoka nje: "Kaka, nilipie Lightroom? Au Photoshop kabisa?" Anayeuliza mara nyingi hana mpango wa kupiga harusi. Ni mwalimu anayependa ndege, nesi mstaafu mwenye bustani nzuri kule Kibosho, au kijana anayeongoza wageni mlimani na hutembea na kamera yake kwenye begi. Tunamwambia bado. Akisisitiza, tunamwuliza maswali mawili matatu, na hapo ndipo wachache tunawaambia ndiyo, lipia.

Tuseme mapema kwamba sisi hatuuzi programu. Kazi yetu hapa Moshi ni kusafisha picha, kuzichapa na kuzitia fremu, kwa hiyo hatupati hata senti ukilipia au usipolipia. Tunachojali ni faili unalotuletea, maana picha ikitoka mbaya lawama inaishia kwenye mashine yetu.

Tuanze na pesa. Zamani ulinunua Photoshop kwenye sanduku, ukalipa mara moja, ukaitumia mpaka kompyuta ikachoka. Mwaka 2013 Adobe, watengenezaji wa Photoshop na wa Lightroom (ile ya kupanga na kurekebisha picha nyingi), walitangaza kwamba matoleo mapya hayatauzwa tena kwa njia hiyo. Tangu hapo unalipa kila mwezi, ukiacha kulipa unafungiwa. Mpango wa wapiga picha wenye Lightroom na Photoshop, pamoja na nafasi ya TB 1 ya kuhifadhi, bei yake ya Marekani ni dola 19.99 kwa mwezi. Ukiitaka Lightroom bila Photoshop ni dola 11.99. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, huo wa kwanza ni kama shilingi 50,000 kila mwezi, laki sita kwa mwaka, na wa pili ni kama laki tatu na sitini. Kwa mtu anayeshika kamera Jumapili mbili kwa mwezi, hiyo ni pesa ya lenzi. Lenzi ndogo ya Canon ya milimita 50 yenye tundu pana la f/1.8, linaloingiza mwanga mwingi, ilipotoka mwaka 2015 iliuzwa dola mia na kitu tu, na itabadilisha picha zako za watoto na za sebuleni kuliko programu yoyote.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalisomi. Ule mpango unaoonekana ni wa "kila mwezi" mara nyingi ni mkataba wa mwaka mzima unaolipwa kwa awamu za mwezi. Ukiuvunja katikati, baada ya siku 14 za mwanzo, unatozwa faini ya kuvunja mkataba. Mwaka 2024 serikali ya Marekani iliwashtaki Adobe mahakamani kwa madai kwamba waliificha faini hiyo. Kwa hiyo kabla hujaweka kadi, ile ya benki au ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye simu, soma ni mpango upi unaouchagua. Kwa baadhi ya programu zao upo wa mwezi mmoja mmoja kweli kweli, ila ni ghali zaidi.

Sasa, hizo pesa zinanunua nini? Hapa inabidi tueleze faili la RAW, kwa sababu bila hilo mazungumzo yote hayana maana.

Kamera ikipiga JPEG, lile faili la picha la kawaida, inafanya uamuzi wote yenyewe: inachagua rangi, inakoleza, inabana faili, na inatupa kilichobaki. Kila rangi inabaki na ngazi 256 za mwanga. Ikipiga RAW haitupi. Kamera nyingi huhifadhi ngazi 4,096 au 16,384. Tofauti hiyo huioni kwenye picha ya kawaida iliyopigwa mchana kweupe. Unaiona unapopiga Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikijitokeza alfajiri.

Kila anayeishi Moshi ameijaribu picha hii. Mawingu hayajapanda bado, jua linagonga theluji kutoka kulia, na huku chini migomba na mabati ya majirani bado yako gizani. Kamera inaangalia lile giza kubwa la mbele, inaongeza mwanga, na theluji inaungua: inakuwa doa jeupe lisilo na mikunjo wala kivuli. Kama ulipiga JPEG, pale penye weupe mtupu hapana kitu cha kurudisha, uwe na Photoshop ya bei gani. Kama ulipiga RAW, na hasa kama ulipunguza mwanga kidogo makusudi, unavuta sehemu zenye mwanga mkali kurudi chini, unainua sehemu za giza, na mipasuko ya barafu inajitokeza huku majani ya migomba yakipata rangi. Tumeliona hilo kwenye skrini hapa dukani na kamera za kawaida kabisa, za miaka kumi nyuma. Mbega wa Hifadhi ya Arusha wanampa mpiga picha shida hiyohiyo kwenye mwili wa mnyama mmoja: manyoya meusi tii na mengine marefu meupe pe, ndani ya msitu wenye mwanga wa vipande vipande.

Lakini kufungua RAW na kuvuta mwanga hakuhitaji laki sita. Kamera yako ilikuja na haki ya kutumia programu ya mtengenezaji bila malipo. Nikon wana NX Studio, Canon wana Digital Photo Professional, Sony wana Imaging Edge. Watu hawazijui kwa sababu hakuna anayezitangaza, na kweli sura zao hazivutii, nyingine zinaburura miguu. Ila zinaifahamu kamera yako vizuri, rangi zinaanzia palepale ulipoziona kwenye kioo cha nyuma ya kamera, na kwa mtu anayehariri picha ishirini kwa mwezi hatujaona sababu ya kukimbilia nyingine. Ukiipakua ya Canon kaa na namba iliyoandikwa chini ya kamera, wakati mwingine wanaiuliza.

Ukizizoea hizo ukahisi zinakubana, ipo darktable, ya bure tangu ilipoanza mwaka 2009, yenye uwezo mkubwa na menyu za kumchanganya mtu mzima. Ipo RawTherapee. Kwa kazi za Photoshop hasa, yaani kuondoa nguzo ya umeme, kuunganisha picha mbili, kuweka maandishi, ipo GIMP, ambayo toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025 na linakuruhusu kurudi nyuma kubadilisha marekebisho mengi bila kuharibu picha ya mwanzo. Na kuna Affinity, ambayo sisi siku hizi tunaitaja kabla ya zote: programu yake ya picha ilitoka mwaka 2015 ikiwa ya kununua mara moja, Canva, kampuni ya usanifu wa mtandaoni, wakainunua kampuni yake mwaka 2024, na mwishoni mwa 2025 wakaitoa bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Vile vipengele vya akili bandia ndivyo wanavyovilipisha. Kwenye simu, Snapseed inatosha, na inafungua hata faili la DNG, ambalo ni aina ya RAW, kama simu yako inapiga RAW.

Wateja wetu wengi, hata hivyo, hawasumbuliwi na programu.

Chukua WhatsApp. Mtu anapiga picha nzuri kwa kamera ya megapikseli 24, anaihariri kwa saa nzima, kisha anatutumia kwa WhatsApp tuichape A3 aitundike ukumbini. Ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaipunguza hadi karibu pikseli 1,600 upande mrefu. A3 ina inchi 16.5 kwa urefu, kwa hiyo zinabaki nukta kama 97 kwa kila inchi, wakati picha ya kutazamwa kwa karibu inataka 300. Faili lake halisi lenye pikseli 6,000 lingempa zaidi ya 360. Kope za mtoto zinakuwa tope, naye anauliza kama atafute programu ya kuongeza ung'avu. Dawa yake ni kutuma kama "hati" badala ya picha, au kutuletea flashi, na haina gharama yoyote.

Halafu kuna skrini. Mtu anahariri usiku, taa zimezimwa, mwanga wa skrini umewekwa mwisho. Kila picha anaiona inawaka sana, anaipunguza, anaipunguza tena. Karatasi haina taa nyuma yake. Inatumia mwanga wa chumba tu. Picha inatoka kwenye mashine ikiwa na giza na nyuso zimefifia, na kwa ngozi zetu hilo linaonekana haraka, maana sehemu za shavu na chini ya macho ndizo zinazozama kwanza. Shusha mwanga wa skrini mpaka karatasi nyeupe ukiishika kando ya skrini ndani ya chumba chenye taa vilingane kwa jicho. Na unapohifadhi picha ya kuchapa chagua rangi za sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida. Ukituletea Adobe RGB, mpangilio mwingine wenye rangi pana zaidi, bila kutuambia, kitenge chekundu kitatoka kimepauka, na hapo mteja huwa ameshawaka.

Wapo tunaowaambia ndiyo, lipia. Yule kijana wa mlimani ni mmoja wao. Anapanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame na wageni, anashuka na picha mia nne, nyingi za usiku wa kuelekea kileleni na za jua likichomoza Stella Point, zilizopigwa kwa ISO ya juu (kamera ikiongezewa usikivu wa mwanga) na zimejaa chenga, zile nukta nukta. Kwake tatizo si kupata rangi moja nzuri. Tatizo ni kuchambua mia nne zibaki arobaini, kurekebisha moja na kuyapeleka marekebisho yaleyale kwenye nyingine thelathini za mwanga uleule, kupata baada ya miaka miwili ile ya mgeni fulani pale kambi ya Barranco, na kuondoa chenga bila kufuta nyuzi za kofia. Kwa kazi hizo Lightroom ni nzuri kweli. Kisafisha chenga chake cha mwaka 2023 kimetuacha hoi, na uwezo wake wa kuchagua anga peke yake au mtu peke yake kwa kubofya unaokoa jioni nzima. Darktable inaweza karibu yote hayo, ila itamtaka ajifunze miezi.

Kwa hiyo kabla hujalipia, fungua simu au kompyuta yako uangalie picha za miezi mitatu iliyopita. Ngapi ulizihariri hata kidogo? Kama ni chache, programu mpya haitakupa muda ambao huna. Kama ni nyingi na umekuwa ukichelewa kulala kwa sababu ya kurudia jambo lilelile picha baada ya picha, hapo unalipia muda, na bei inaanza kueleweka.

Angalia na laptopu. Photoshop inataka RAM (kumbukumbu ya kompyuta ya kufanyia kazi) ya GB 8 kama kima cha chini, na 16 ndiyo utakayofanyia kazi bila kununa. Wenye GB 4, tafadhali, pesa ya mwaka mmoja wa Adobe iende kwenye RAM na diski ya SSD, ile ya kasi. Pia chagua Lightroom Classic, inayohifadhi picha kwenye diski yako. Ile Lightroom nyingine hupandisha picha zako mtandaoni: faili moja la RAW la megapikseli 24 ni kama MB 25, mia nne ni GB 10, na hilo bando utalinunua wewe.

Kuhusu zile programu "full" za kukraki, yaani zilizovunjwa ulinzi zitumike bila kulipiwa, zinazouzwa kwenye flashi mjini, tunasema moja tu: flashi nyingi zenye virusi tunazokutana nazo zinatoka kwa watu waliowekewa hizo.

Kama bado unasitasita, njoo na mafaili yako ya RAW matatu ambayo hayajaguswa. Tutayafungua mbele yako kwa programu ya bure na kwa Lightroom tunayolipia sisi, tuchape matoleo yote mawili ya kila picha saizi ya 4 kwa 6, uyashike mkononi bila kujua lipi ni lipi. Unalipia karatasi tu. Njoo Jumanne au Jumatano. Jumamosi duka lote ni picha za kipaimara na mahafali, na hatutapata nafasi hata ya kukusalimia vizuri.