Fremu zisizo na dirisha zinatuumiza macho mafundi kucha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo wateja wetu hudhani ni uchafu, na sisi wenyewe tumelizoea hadi hatulisemi. Mafundi kucha wengi hapa Dar es Salaam tunafanya kazi na macho mabovu. Yanawasha, yanachoma, machozi yanatiririka bila kilio, na asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo. Mteja akiliona jicho anaurudisha mkono wake taratibu na kuuliza, "Dada, hayo siyo yale macho mekundu kweli?" Simlaumu. Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea jiji hili, na hakuna anayetaka kushikwa vidole na mtu wa namna hiyo.

Ila ule wa virusi huja, ukapita kwa watu wa nyumba nzima, na kwa kawaida baada ya wiki moja hadi tatu umekwisha. Huu wetu hauishi na wala hauambukizi watoto nyumbani. Unapanda Ijumaa na Jumamosi, siku za sendofu na kicheni pati, unatulia siku ya mapumziko, halafu tukirudi mezani nao unarudi. Daktari akituuliza tunafanya kazi gani angeshapata nusu ya jibu. Wengi hawaulizi.

Kaa pembeni umtazame fundi akiondoa kucha za zamani. Uso wake uko shubiri moja hivi juu ya vidole vya mteja, maana asipoinama haoni jeli inaishia wapi na kucha yenyewe inaanzia wapi, na drili ikigusa kucha hai mteja ataruka. Unga mweupe unapanda. Unatua kwenye nyusi, kwenye kope, unaingia juu ya barakoa. Jicho likiwasha analifikicha kwa mkono wenye glavu, glavu ile ile iliyoshika pamba ya asetoni muda mfupi uliopita. Nyuma ya mteja kuna feni. Imewekwa pale ili mteja asisikie joto, na inapuliza kila kitu kumwelekea fundi.

Huo ni unga tu. Kuna mvuke wa asetoni, wa gundi, na wa ile dawa ya maji tunayochanganya na poda kujengea kucha za akriliki. Mvuke wa asetoni na wa dawa hiyo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauendi darini. Unatanda mezani, pale pale tulipoinamisha uso. Na siku hizi saluni nyingi zinabandika kope chumba hicho hicho, kwa gundi ambayo nayo mvuke wake unachoma macho ya anayebandika na anayebandikwa.

Wenye saluni hutujibu kwamba wameweka AC. AC hizi za ukutani hazileti hewa ya nje. Zinapoza hewa iliyomo na kuizungusha, na ili baridi isipotee mlango unafungwa. Barakoa za hospitali nazo hazizuii mvuke hata kidogo. Zile nzito za kuzuia vumbi zinasaidia kwa unga, lakini mvuke unapenya, na macho hata hivyo yako wazi.

Sasa fundi anakwenda duka la dawa. Anaeleza kwa maneno mawili, anapewa kichupa cha matone, na mara nyingi ndani yake mna steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, kama deksamethasoni. Jicho linatakata siku hiyo hiyo, kwa hiyo kichupa kinasifiwa na kuzungushwa meza hadi meza. Hapa ndipo ninapoogopa kuliko kwenye unga. Matone ya steroidi yakitumiwa kwa muda mrefu bila daktari yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma au mtoto wa jicho, na kama jicho lina fangasi au virusi vya herpesi yanauchochea ugonjwa. Glakoma ikishakula uwezo wa kuona, haurudi tena. Wengine wanaosha macho kwa chai ya rangi au kutia maziwa ya mama, mambo ambayo Wizara ya Afya iliyakataza wakati ule wa mlipuko.

Jicho lililochokozwa na mvuke kwa kawaida hutoa machozi na ute mwembamba. Ukiona usaha mzito wa njano au kijani, maumivu, mwanga unakuchoma au unaona ukungu, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Dawa au asetoni ikirukia jichoni, fungua bomba uoshe kwa dakika 15 bila kuacha, ndipo uende. Na wapo ambao mwili umeshaikataa akriliki kabisa: kope zinavimba na kuchubuka hata kwa kiasi kidogo, na mzio huo ukishakupata ni nadra kukuachia.

Kuhusu hiyo dawa ya maji, kuna aina ya bei nafuu yenye methili methakrileti, MMA kwa kifupi. Mahospitali huitumia kwenye saruji ya kushikiza viungo bandia vya mifupa, lakini kwa kucha Marekani ilishachukua hatua za kisheria tangu miaka ya 1970, baada ya watu kuharibika kucha na vidole. Mafundi wazoefu wanaijua: harufu yake ni kali isivyo kawaida, kucha inakuwa ngumu kama jiwe, na ukiiloweka kwenye asetoni haitoki, inabidi uisage, yaani unga zaidi. Hapa kwetu TBS, shirika la viwango lililokabidhiwa usimamizi wa vipodozi mwaka 2019, tunalisikia likikamata krimu na sabuni zenye zebaki. Vizuri sana. Lakini chupa za dawa ya kucha zilizogawanywa dukani, zisizo na lebo wala jina la kilichomo, zinauzwa mchana kweupe.

Jimbo la New York mwaka 2016 liliweka kanuni kwamba saluni za kucha ziwe na mitambo ya kuvuta hewa chafu na kuitoa nje. Sisi hatuhitaji mitambo ya New York. Feni ya kutolea hewa nje, inayopachikwa ukutani kama zile za jikoni, ingebadilisha mengi, hasa ikikaa chini karibu na meza. Pamoja nayo, ndoo ya taka yenye kifuniko kwa pamba zilizotumika, chupa zifungwe kila baada ya kuchovya, na miwani ya kukinga macho wakati wa kusaga. Kikwazo ni kwamba mwenye fremu hataki ukuta wake utobolewe, mwenye saluni anasema chumba ni cha kupanga, na fundi analipwa kwa kichwa, kwa hiyo hawezi hata kutoka nje dakika tano kupumua bila kupoteza mteja.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi, na haikusema saluni za kina dada zisamehewe. Ombi langu ni kwa halmashauri, ambako leseni inaanzia. Chumba kisicho na tundu la kutolea hewa kisipewe leseni ya kazi za kucha, na mwenye fremu ahusishwe tangu mwanzo ili asije kukataa baadaye. Na afisa anayekuja kukagua asije Jumatatu asubuhi wakati tumeshafagia. Aje Jumamosi saa kumi alasiri, akae kiti cha fundi, aulize hewa chafu ya humu inatokea wapi. Akionyeshwa AC, asisaini.

Fundi kucha,
Sinza, Dar es Salaam