Taasisi zitulipe chakula zinachokula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie madeni ya taasisi za umma kwa sisi wenye migahawa hapa Dodoma.

Mgahawa ukifungwa, watu husema chakula kilikuwa kibaya au mwenyewe hana usimamizi. Wapo wa namna hiyo. Lakini tangu serikali ihamie hapa, riziki yetu kubwa ni vikao na semina: chai ya saa nne, chakula cha mchana, maji. Na humo ndimo mitaji yetu inamoteketea.

Oda ikija, wapishi huingia jikoni saa tisa usiku. Huyu anakunja sambusa, yule anachambua mchele, kuku wameshatiwa viungo tangu jioni. Muuza nyama anataka hela yake palepale, wa gesi vilevile, na wahudumu wa kibarua wanalipwa kwa siku. Watu wanakula, wanashukuru, tunakusanya vyombo. Baada ya hapo ni kwenda na kurudi kwa mhasibu. Leo fungu halijaingia, kesho faili liko kwa mkubwa, na Juni 30 ikipita unaambiwa deni lako limehamia bajeti mpya. Ipo taasisi ninayoidai chakula cha kikao ambacho baadhi ya waliokula wameshahamishwa vituo vya kazi.

Kinachoniuma zaidi ni kodi. Mhasibu hapokei ankara yako bila risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Ukishaitoa, hayo tayari ni mauzo, na kwa aliyesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwezi, na malipo yake vinatakiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hela yenyewe hujaishika. Unakwenda kukopa ili uilipe serikali kodi ya chakula ambacho taasisi ya serikali haijakilipia.

Sheria ya Ununuzi wa Umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ila kikundi cha akina mama kilichoanza kwa mkopo wa halmashauri kitapikaje mara ya pili kama hela ya mara ya kwanza haijarudi, na marejesho yanadaiwa? Mimi nina wateja wa mezani wanaonishikilia. Wao hawana.

Naiomba Wizara ya Fedha isimamie mambo mawili. Taasisi isiagize chakula kabla fedha yake haijatengwa kwa kazi hiyo. Na mfanyabiashara anayeidai serikali, deni lake likishahakikiwa, likatwe kwenye kodi anayodaiwa, au VAT ya oda ile isubiri hadi alipwe. Madeni ya miaka iliyopita nayo yahakikiwe sasa, kwa sababu wapo wenzangu ambao vyombo vyao vya kupikia vimeshachukuliwa na wakopeshaji.

Mwenye mgahawa,
Dodoma