Kwako mdogo wangu, uliyeuliza krambo ya maepo kwenye grupu

Mdogo wangu,

Nimeletewa. Unajua fika kwamba nilijitoa kwenye grupu la ukoo tangu lile sakata la hitma, lakini ukoo wetu haujawahi kukosa mpeleka maneno, kwa hiyo meseji yako imenifikia ikiwa bado ya moto, imepigwa picha na saa yake juu na vicheko vya wifi chini. Umeandika: "Jamani nani anajua ile krambo ya maepo aliyoipenda mama, huku baridi imeanza na watoto wanataka." Nimeisoma kwenye basi natoka zamu, nikaisoma tena nyumbani kabla hata sijavua koti. Nani anajua! Krambo, kile kitamu cha Waingereza cha maepo yaliyofunikwa makombo ya unga na siagi kikaokwa, ukoo mzima umeota wapishi wake tangu lini? Aliyewahi kuipika kwenye ile nyumba ni mtu mmoja tu, jina lake unalijua na namba yake unayo.

Haya. Kwa kuwa hukuniuliza mimi, nakujibu hapa mbele za watu, na nyie wengine mnaokuja hapa kwa ajili ya mapishi mnivumilie, mapishi yapo, yanakuja.

Kwanza karibu Uingereza, mana sijakwambia. Huu msimu usikutishe. Majani yatapukutika, jua litaanza kuaga mapema, afu Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma na kuanzia hapo saa kumi na moja jioni ni giza tii, utadhani umeme umekatika nchi nzima. Mwaka wa kwanza nililia jikoni bila sababu. Wenyeji dawa yao ni kuwasha oveni, yaani unapika kitu chako polepole, jiko linapata joto, madirisha yanafuka mvuke na mdalasini unapanda mpaka ngazini, watoto wanashuka wenyewe bila kuitwa.

Maepo usikimbilie kununua. Septemba mpaka Oktoba pita mitaa yenye nyumba za bustani, utakuta boksi getini na karatasi imeandikwa chukua bure. Usiogope, chukua. Mi mwanzoni nilikuwa nahama upande wa barabara kabisa, mana kwetu Tanga kitu kizuri kikiachwa njiani hakina mwenyewe unajua wenyewe tunasemaje. Huku ni mti tu umezaa kupita kiasi na mwenye nyumba kachoka kuokota. Unayotafuta ni yale makubwa ya kijani, yamebonyeabonyea, mengine yana wekundu ubavuni. Hayo ni Bramley. Ukiling'ata bichi meno yanakufa ganzi, lakini ndo epo la kupikia, ule ukali hauishi motoni, na lenyewe likipata moto linavurugika lote linakuwa rojo. Ndo mana mi nachanganya na maepo mawili matatu ya kula yaliyo magumu, Cox au lolote ulilonalo, upate na cha kutafuna.

Na hili epo lina habari yake, nikwambie, mana kila nikilimenya naikumbuka. Lilitokea Southwell, mji mdogo hapa Nottinghamshire, kwa basi si mbali na kwangu. Msichana mmoja, Mary Ann Brailsford, alipanda mbegu kwenye bustani ya kwao mwaka 1809. Mti ukaota, yeye akaolewa akahama. Mwaka 1846 ile nyumba ikanunuliwa na mwenye bucha anaitwa Matthew Bramley, na 1856 akaja kijana wa kitalu, Henry Merryweather, akayaona yale maepo akayapenda, akaomba vitawi akapandikize. Mwenye bucha akasema chukua, ila sharti yaitwe kwa jina langu. Basi mpaka leo Uingereza nzima inapika Bramley, na aliyefukia mbegu kwa mkono wake ukimtaja wengi wanakuuliza ndo nani huyo. Siku niliyosimuliwa nilimkumbuka shemeji siku ya arobaini ya mama, nilikuwa nawaangalia kwa video ya simu ya binamu, kasimama barazani na kanzu yake nyeupe anashukuriwa kwa bati. Shemeji ni mtu mwema sina neno naye. Lakini bati lile la migongo mipana risiti yake ninayo, nimeipiga picha, na hakuna hata mmoja wenu aliyefungua mdomo akasema jamani hili katuma dada.

Tuendelee. Menya, toa kokwa, kata vipande vya kuonekana, usikate vyembamba vitapotea. Bramley makubwa matatu na yale mawili ya kula yanatosha watu sita. Tia kwenye bakuli la oveni, nyunyiza sukari vijiko vya chakula vitatu, mdalasini kijiko kimoja cha chai, kamulia ndimu nusu, maji vijiko viwili. Iliki kidogo kama unayo. Iliki haimo kwenye mapishi yao, hiyo ni ya mama, alisema kitu kitamu kisicho na iliki ni uji wa mgonjwa.

Juu: unga wa ngano gramu 200, siagi gramu 100, sukari gramu 80, oti zile za uji ngumi moja, chumvi chembe. Siagi itoke kwenye friji ikiwa baridi, ukate vidonge, afu ufikiche na unga kwa ncha za vidole, tulivyofundishwa kusugua samli kwenye unga wa visheti, viganja usitumie, viganja vina joto na siagi ikiyeyuka inakuwa donge. We mikono yako ya moto tangu utoto, iloweke kwanza kwenye maji baridi. Ikifika mahali unaona makombomakombo, mengine makubwa mengine madogo, acha. Sukari na oti ndo zinaingia mwisho. Mwaga juu ya maepo bila kushindilia. Oveni 180, kama ina feni 160, dakika arobaini hivi, mpaka juu pageuke rangi ya dhahabu na rojo lianze kuchemka pembeni linatokeza. Usifungue fungue mlango. We huna subira, unapenda kuchungulia afu unatoa hukumu kitu hakijaiva.

Mana ndo ulivyofanya ile Desemba nilipokuja nyumbani Tanga.

Maepo niliyanunua mjini, yale ya Afrika Kusini yenye vistika, kwa bei ambayo hata muuza matunda alinionea huruma. Oveni hatuna, mama mwenyewe akasema si tutapalia mkaa, moto juu moto chini, mbona mkate wa kumimina tunaoka hivyo hivyo. Akalitoa lile sufuria lake zito na mfuniko bapa, akakaa kwenye kibao anapepea kwa kipepeo, na miguu ile ilivyokuwa imevimba, anacheka. Upande mmoja uliungua. Upande wa pili ulitoka vizuri wallahi kuliko huku. Mama mdogo alikuwepo, na wale majirani wawili, nikampakulia mama krambo kwenye kibakuli kidogo cha uji, hata hakikujaa, akala kijiko cha kwanza akafumba macho.

Ukaingia. Hukuvua viatu. Ukaangalia kibakuli ukaniangalia mimi, ukasema mbele za wageni: "Dada, we mlishe sukari tu, kesho kutwa unapanda ndege, vidonda tutabaki navyo sisi."

Mama akashusha kijiko. Kile kijiko kilikuwa na kipande cha ganda la juu, kimening'inia na uzi wa rojo, hakikudondoka. Akafuta mdomo kwa upindo wa kanga akasema nimeshiba. Hakuwa ameshiba, mdogo wangu. Mama akishiba alikuwa anasema alhamdulillah, hata kwa kikombe cha maji alisema, siku ile hakusema kitu. Kibakuli kikakaa pale mkekani mpaka inzi wakaja, na hakuna aliyethubutu kukiondoa.

Na leo unaandika "aliyoipenda mama". Kwa hiyo ulimwona. Siku zote hizi nilikuwa najiambia labda hukumwona uso, uliingia kwa haraka, ulikuwa umechoka na kazi na daladala. Kumbe ulimwona anavyoila.

Sasa ngoja nikwambie kuhusu ile sukari mana sikuwahi kupewa nafasi. Niliweka vijiko viwili sufuria zima, viwili, kwa kuwa nilijua hali ya mama na kisukari chake. Unga nao unageuka sukari tumboni, epo nalo lina sukari yake, hayo nayajua, kazi yangu ni kutunza wazee na nusu yao wana ugonjwa huo huo, na krambo wanapewa, kipimo kidogo, mara moja moja, wanapimwa, maisha yanaendelea. Na chai ya asubuhi ya mama ilikuwa inatiwa vijiko vingapi? Nani alikuwa anaikoroga? Mi nilikuwa Uingereza, wala sijui, nauliza tu.

Aliyenifundisha krambo ni bibi mmoja wa pale kazini, miaka tisini na kitu, akili timamu kuliko mimi. Alikuwa anasimulia zamani za vita, siagi na sukari ziliingia kwenye mgao Januari 1940 na mgao haukuisha wote mpaka 1954, kwa hiyo mama yake hakuwa na mafuta ya kupoteza kwenye ganda zima la pai, akawa anafikicha unga kidogo na siagi kidogo anamwagia juu ya maepo ya bustani basi, watoto hawajui tofauti. Na kastadi ya unga, ule mchuzi mtamu wa maziwa unaomwagiwa juu ya krambo, ile ya kopo tuliyokuwa tunaiba kulamba, imetokana na mtu wa Birmingham, Alfred Bird, mwaka 1837. Mkewe mayai yalikuwa yanamdhuru na kastadi anaipenda, basi mume akakaa na unga wake wa mahindi mpaka akapata isiyo na yai. Unaona? Mgonjwa wako anapenda kitu hakimfai, unatafuta njia. Hiyo ndo niliyofanya mimi, nikapunguza sukari, nikaongeza iliki na mdalasini mdomo udanganyike. Kumnyang'anya mtu kijiko kwa maneno mbele ya majirani, hiyo hata dokta hafanyi.

Najua utasema nini. Utasema wewe ndo ulikuwa unaamka usiku, unampeleka kliniki kwa bodaboda, unafunga kidonda. Ni kweli, na Mungu akulipe, nimesema hivyo kwa kila anayeniuliza, muulize wifi. Ila usichanganye mambo. Kulala hospitali ni jambo moja, na ile sauti uliyoituma siku ya tatu, "wewe ni wa kutuma hela tu hata mazishi hukuja", ni jambo jingine. Mama alifariki alfajiri, alasiri yuko kaburini, inavyotakiwa. Ndege ya mapema kuliko zote ingenifikisha kesho yake usiku. Ulitaka nije kwa ungo? Nilikaa kwenye ngazi hapa, simu sikioni, nasikiliza mnavyotoka na jeneza, sauti zinakatikakatika, na saa nane nilikuwa zamu kwa sababu hakukuwa na wa kunishikia. Yule bibi ndo alinishika mkono. Hajui hata Tanga iko wapi.

Nimetoka nje ya mada. Watu wanasubiri kastadi.

Kastadi soma kopo, haina siri, ila koroga unga na maziwa baridi kwanza, ukimimina kwenye ya moto moja kwa moja unapata mabonge. Krambo ikitoka oveni iache dakika kumi, lile rojo linaunguza ulimi kuliko uji, yule mwanao wa mwisho hana adabu na vyakula vya moto, kafanana na wewe. Ikibaki funika, kesho yake watoto wataila ya baridi na mtindi kabla ya shule, mi naipenda hivyo kuliko ya moto.

Yale mabichi yatakayobaki yafunge moja moja kwenye karatasi, uyaweke mahali pa baridi pakavu yasigusane, Bramley inakaa miezi. Lililooza ubavu litoe mapema.

Sufuria la mama nasikia umelibeba mpaka huku, na mfuniko wake. Sijasema nalidai. Ila usipikie nyama ndani.

Ukikwama kwenye kufikicha piga. Niko zamu za usiku mpaka Alhamisi, asubuhi nakuwa nimelala, Ijumaa kuanzia saa nane mchana nipo. Shemeji msalimie, na umwambie bati linavuja upande wa choo, fundi picha kanitumia mimi.

Dada yako