Tupingane kwa hoja, tusivunjiane heshima

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme juu ya namna sisi wakazi wa Lamu tunavyojadiliana katika makundi ya WhatsApp, hasa linapozuka suala la bodaboda kuingia katika Mji wa Kale. Suala lenyewe ni zito na linastahili kubishaniwa kwa nguvu. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka wa 2001, na vichochoro vyake vilijengwa kwa ajili ya watu na punda. Lakini kijana aliyenunua pikipiki kwa mkopo naye ana watoto wa kulisha, na anapouliza urithi huo unamnufaisha nani, ana haki ya kujibiwa.

Kinachonisikitisha ni kwamba hajibiwi, wala naye hajibu. Hivi karibuni, katika kundi la mtaa wetu, mzee mmoja aliandika kwamba pikipiki zikomee nje ya mji kwa sababu watoto wa madrasa hutoka alasiri kwa wingi na hawana pa kupisha. Jibu la kwanza alilopata halikugusa watoto wala vichochoro: kijana mmoja alimwambia kwamba anatetea nyumba anayowakodisha wazungu. Mzee naye, badala ya kurudi kwenye hoja yake, akamuuliza kijana yule babake alikuja Lamu lini. Tangu hapo hadi usiku hakuna aliyetaja pikipiki tena. Katika kaunti ambayo maneno ya mwenyeji na mgeni yamekwisha kuwaumiza watu wengi, swali kama lile halipaswi kuandikwa kwa hasira mbele ya kundi zima, kisha likasambazwa na watu wasiojua hata lilitokana na nini.

Wapo wanaoshauri kwamba, kwa ajili ya amani, mambo yenye utata yasizungumzwe kabisa, na wasimamizi wengine wa makundi hufuta kila ujumbe mkali. Siafikiani nao hata kidogo. Aya ya 125 ya Sura An-Nahl inaamrisha kujadiliana kwa njia iliyo bora. Haikuamrisha kuacha kujadiliana. Kifungu cha 33 cha Katiba yetu nacho kinalinda uhuru wa kujieleza, na papo hapo kinamtaka anayeutumia aheshimu haki na sifa za wengine. Waliopinga mradi wa umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu hawakunyamaza. Walipeleka hoja zao mbele ya baraza la kitaifa linaloamua mashauri ya mazingira, na mwaka wa 2019 leseni ya mradi ikafutwa, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ni vigumu kuona matusi yangewafikisha wapi.

Tukumbuke pia kwamba washairi wa mwambao huu walijibizana kwa maneno makali mno, lakini aliyejibu alifuata bahari na vina vya mwenzake, na hilo lilimlazimu kulisoma shairi lote kabla ya kushika kalamu. Leo mtu husoma mstari wa kwanza, au husikiliza nusu ya ujumbe wa sauti, akaanza kujibu.

Wanaoondoka kwanza, kwa ninavyoona, ni wanawake. Mwanamume akitukanwa hutukanwa yeye. Mwanamke huandikwa mambo ya heshima yake na ya watu wa nyumbani kwake, naye hujitoa kimya kimya. Hivyo suala la pikipiki huamuliwa bila ya mama anayempeleka mtoto kliniki kwa miguu kupitia vichochoro hivyo hivyo.

Ninawaomba wasimamizi wa makundi ya mitaa yetu, Mkomani, Langoni na kwingineko, waweke sharti moja: anayempinga mwenzake anukuu kwanza sentensi anayoipinga, kisha ajibu hiyo. Ujumbe unaotaja ukoo, kabila au nyumba ya mtu ufutwe, na aliyeuandika aelezwe faraghani kwa nini umefutwa, kisha aachwe aiandike upya hoja yake, hata ikiwa kali kiasi gani.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu