Shukrani kwa dada wa Raskazone

Dada yangu, jina lako silitaji kwa kuwa ulikataa mwenyewe, lakini shukrani siwezi kuzimeza.

Nilipohamia chumba cha kupanga Ngamiani, mwenye nyumba hakutaka mbwa. Nikatangaza mtandaoni: Simba, dume, miaka 4, anatolewa bure. Simu zikamiminika. Huyu anataka wa kufunga mnyororo gereji usiku na mchana, yule akisikia Simba hang'ati ovyo anakata simu. Ndipo ukaniandikia nifute neno "bure", niweke picha ya kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na kila anayemtaka nimwombe kwanza picha ya ua wake. Ukaenda mwenyewe hadi Pongwe kukagua uzio wa familia tuliyoichagua, jua la saa nane!

Siku ya kumpeleka ulimshika kamba wewe, mimi nikashindwa kushuka garini. Ukatandika kanga yangu kuukuu bandani ili anuse harufu ya kwetu. Jana wamenitumia picha: amelala juu ya ile kanga, pua kwenye pindo.

Ahsante sana, dada. Mungu akuzidishie.