Kwa wageni wa mkutano wanaokuja Lamu kutoka nje ya nchi

Assalaam aleikum, ndugu wajumbe.

Kwa kuwa wengi wenu mmeniuliza juu ya safari, naomba msome ujumbe huu kabla ya kukata tiketi. Tangu Januari 2024, Kenya imeondoa viza, na mahali pake wageni wengi huomba idhini ya kusafiri kupitia intaneti. Tafadhali msingoje siku ya mwisho. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano na aje na cheti cha chanjo.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kubadilisha ndege Nairobi. Ndege za kimataifa hutua Jomo Kenyatta, ilhali nyingi za kuja Lamu huruka kutoka Wilson, na baina ya viwanja hivyo viwili kuna barabara yenye msongamano. Kwa hiyo acheni nafasi ya saa kadhaa, au bora zaidi mlale Nairobi usiku mmoja. Ndege hizo ni ndogo, basi punguzeni mizigo.

Mtatua kisiwa cha Manda, kisha mtavuka kwa boti hadi gati la mji. Mji wa kale hauna magari, na vichochoro vyake ni vyembamba, hivyo begi la mgongoni litawafaa kuliko sanduku la magurudumu. Hamali wapo, ila patana bei kwanza. Mavazi yawe ya stara, kwani mtapita misikitini na majumbani mwa watu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017, iacheni nyumbani.

Nitumieni saa ya kuwasili, niwapokee gatini.