Kabla greda halijafika

Dar es Salaam
14 Julai

Ndugu yangu Rashidi,

Habari za kazi na za nyumbani? Uliuliza kama vipimo vya kawaida vya udongo vinatosha kugundua asbesto, yale madini ya nyuzi yanayoleta saratani yakivutwa kwa pumzi, kwenye barabara mnayojenga. Havitoshi. CBR, kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, inakueleza kifusi kitabeba malori au kitazama. Haisemi lolote kuhusu nyuzi za asbesto zilizomo.

Anzia mezani. Chukua ramani za jiolojia za GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania), chora njia yote juu yake, kisha paka rangi kila inapokutana na serpentinaiti (mwamba wa kijani unaoweza kubeba asbesto), miamba mizito yenye magnesiamu nyingi au nyufa kubwa za ardhi. Haneti, kule Dodoma, ina serpentinaiti, ndiyo maana hutoa vito vya krisoprasi. Rangi hiyo haithibitishi asbesto. Inakuambia wapi pa kwenda kukagua kwa miguu.

Na machimbo ya kifusi na kokoto yapakwe vilevile! Hapa ndipo wengi wanapokosea: njia imekaguliwa vizuri, halafu hatari inaletwa na lori kutoka kilomita 30. Kaunti ya Dunn, North Dakota, Marekani, ilimwaga changarawe yenye erionaiti kwenye mamia ya kilomita za barabara. Erionaiti si asbesto, ni madini mengine ya nyuzi, ila ndiyo iliyoua watu wengi kwa saratani ya utando wa mapafu katika vijiji vya Kapadokia, Uturuki, kama Karain. Kwa hiyo, mkielekea kaskazini kwenye majivu ya kale ya volkano yaliyotuama katika maziwa ya magadi, ambako erionaiti huweza kujitengeneza, ramani ya asbesto peke yake itawapotosha.

Site, serpentinaiti utaijua: kijani cheusi, inang'aa kama ngozi ya nyoka, inateleza kama sabuni, na mara nyingi inavuta sumaku. Tafuta mishipa myeupe au ya kijani iliyopauka. Lowesha jiwe kwanza, ndipo uligonge. Mshipa ukichanika nyuzi nyuzi kama katani, funga sampuli katika mifuko miwili. Barakoa iwe ya P3, yaani yenye kichujio cha daraja la juu cha vumbi, maana ile ya kitambaa haikukingi na nyuzi hizi.

Maabara wakiangalia pointi 400 za sampuli iliyosagwa kwa darubini na kuhesabu zilizoangukia asbesto, pointi 1 ni asilimia 0.25, kikomo ambacho jimbo la California, Marekani, limeweka kwa changarawe ya kufunika barabara. Nyuzi nyembamba sana darubini hiyo haizioni. Jibu la "hakuna" kutoka kwenye mwamba unaoutilia shaka lirudiwe kwa darubini ya elektroni.

Mkiipata asbesto, inueni tuta badala ya kukata mwamba. Pasipoepukika, boza la maji litangulie greda, lori lifunikwe turubai, na kifusi hicho kizikwe chini ya udongo safi. Mahali kilipozikwa paingie kwenye michoro ya mwisho, kwa koordineti na kina, kwa sababu siku moja fundi wa bomba la maji atachimba hapo.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Juma